Kusoma Ukubwani: Anzia Panapokuuma

Mkonge wa nchi hii ulianzia kwetu, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, ikasafiri baharini majuma mengi, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe. Baadaye yakaja mashamba ya Mwera, Sakura na mengine mengi, na mashamba yakaita watu: Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde waliovuka Ruvuma. Waliitwa manamba. Wakawakuta Wazigua na watu wa mwambao, wakaoana nao, wakazikana nao, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi nzima.

Kila manamba alishikishwa kipande, kadi yenye vyumba 30, chumba kimoja kwa kila siku ya kazi. Siku isiyotiwa alama haikulipwa. Na mwenye kutia alama hakuwa mkata mkonge. Alikuwa msimamizi au karani. Mtu aliyejua kuhesabu mafungu yake ya majani kwa kichwa bila kukosea hata moja alitembea na karatasi ya jasho lake asiyoweza kuisoma.

Vipande vimekwisha. Karatasi ile haijaisha. Leo ni ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia, ni mkataba wa mkopo, ni stakabadhi ya mnunuzi wa ufuta, ni fomu ya mgonjwa kupewa dawa, ni hati ya mauziano ya shamba la minazi lililoachwa na marehemu baba. Kila siku mtu mzima asiyesoma humwomba mwingine amsomee, na kila siku hulazimika kuamini alichoambiwa.

Nawaandikia watu wazima wa Mwera na vijiji vya jirani ambao shule iliwapita, au waliianza wakaikatisha, na wale waliomaliza darasa la saba lakini leo hawawezi kusoma ukurasa mmoja bila kuona aibu. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na kama utasahau mengine yote shika huu: usiende darasani kwa sababu umeambiwa elimu ni nzuri. Hilo unalijua tangu utotoni na halijakupeleka popote. Anzia panapokuuma. Tafuta mahali pamoja katika maisha yako ambapo kutosoma kunakugharimu, upaone wazi, kisha usome kwa ajili ya hapo.

Nitoe mfano ambao akina mama wengi wataujua. Nenda siku ya mkutano wa vikoba. Sanduku limewekwa katikati, kufuli tatu, na wenye funguo wamekaa mbalimbali. Katibu amefungua daftari kubwa. Upande mmoja majina, kisha safu ya hisa, safu ya mkopo, ya rejesho, ya faini, ya mfuko wa jamii. Kila mwanachama anaitwa, anatoa fedha, zinahesabiwa mbele ya watu, katibu anaandika. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, lakini kinachoandikwa hakionekani ila kwa wanaojua kusoma. Mama ambaye hajui kusoma ameziona noti zake zikihesabiwa, lakini hajui katika ile safu ya hisa imeandikwa 10,000 au 1,000. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, ndipo anapojua. Simshutumu katibu yeyote. Wengi ni waaminifu na wanafanya kazi ngumu bila malipo. Nasema kwamba mama huyu ana somo lake la kwanza mbele ya macho yake: jina lake, namba zake, na vichwa vya zile safu tano. Ni maneno machache sana. Akikaa nayo kwa bidii atayasoma kabla hajamaliza kujifunza alfabeti yote, na siku atakapoinama juu ya daftari na kusema, "Hapa mbona pameandikwa faini, mimi sikuchelewa," kikao kizima kitajua kwamba kuna jambo limebadilika.

Hilo ndilo badiliko ninalolizungumzia. Cheti ni kizuri na nitakifikia. Lakini mtu mzima hubadilika pale anapoweza kuuliza swali mbele ya wenzake akiwa na ushahidi mkononi.

Njia hii ya kuanzia kwenye maneno ya maisha ya msomaji sikuibuni mimi. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, Paulo Freire na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40 za masomo. Hawakuanza na a-e-i-o-u. Walikaa na watu kwanza, wakasikiliza wanazungumza nini, wakachagua maneno yenye uzito kwao, na kila neno likajadiliwa kabla ya kukatwa silabi. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali na Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Ukifikiri vizuri utaelewa kwa nini watawala wale walimwogopa mwalimu wa chekechea ya wazee: mfanyakazi anayesoma huuliza habari za ujira.

Kwetu jambo hili lilichukuliwa na serikali yenyewe, na hiyo ni fahari ambayo tunaisahau upesi mno. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Ilipofika 1975 watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa katika madarasa, mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa sheria yake, na mtihani wa taifa wa mwaka 1986 ukaonyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Walimu walikuwa walimu wa shule za msingi, wanafunzi wa darasa la saba, makarani, masheikh, wachungaji. Madarasa yalikuwa chini ya miembe. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza; wakisikia somo la choo, walijadiliana, kisha walikwenda kuchimba choo. Somo na jembe siku hiyohiyo.

Kwa nini basi leo tunarudi kuzungumza juu ya kutojua kusoma? Sababu ziko nyingi, za uchumi wa miaka ya 1980 na kuendelea, lakini moja inakuhusu wewe msomaji moja kwa moja. Wengi waliojua kusoma mwaka 1975 walisahau, kwa sababu baada ya darasa hawakuwa na kitu cha kusoma. Usomaji usiotumika hupotea. Nitarudi hapo.

Kwanza niondoe dhana moja inayowaumiza sana watu wa pwani. Bibi wa Mwera aliyehitimu chuo cha Kurani, anayesoma Yasini kwa msahafu bila kigugumizi, huandikwa na karani wa sensa kuwa "hajui kusoma" kwa sababu tu hajui herufi za Kizungu. Na yeye mwenyewe hukubali. Hapana. Bibi huyo anasoma. Anajua kwamba alama hubeba sauti, anajua irabu, anajua kufuata mstari kwa kidole na jicho, na ana uvumilivu wa kukaa na ukurasa mmoja mpaka uingie. Kwa karne nyingi Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo. Vita vya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani, vilivyowaka hapa Pangani chini ya Abushiri bin Salim, vilitungiwa utenzi mrefu na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, na aliuandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la watu wazima, kabla hujamwandikisha mtu, muulize: umesoma chuoni? Akikubali, usimweke pamoja na asiyewahi kushika kalamu. Mwonyeshe kwamba mstari huu unaanzia kushoto, mpe jina lake kwa maandishi yote mawili, na utashangaa jinsi atakavyokwenda mbio.

Jambo la pili ni macho. Naliweka hapa juu kwa sababu limewatoa watu darasani kuliko uvivu. Baada ya miaka 40 macho ya karibu hulegea kwa karibu kila binadamu. Mtu wa kilimo haoni tofauti, maana muhogo hauna herufi ndogo. Anaingia darasani, herufi zinacheza, kichwa kinamuuma, anajiambia akili yake imezeeka, hatokei tena. Jipime sasa hivi: shika simu karibu na uso, kisha isogeze mbali. Kama maandishi yanatulia unaponyoosha mkono, tatizo lako ni miwani, si akili. Nenda hospitali ya wilaya wakupime kabla ya kununua daftari. Na kama darasa ni la jioni, pataneni mapema kuhusu taa. Koroboi haitoshi kwa macho ya miaka hamsini.

Sasa usiende peke yako. Aibu ya kusoma ukubwani ni kubwa, nami siidharau. Kumwona mjukuu wako anacheka unavyoshika kalamu, kukaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili magoti yakigusa kidevu, kusikia mtu njiani akikuuliza "bibi, na wewe unaenda shule?" kwa sauti ya mzaha, hayo yote huvunja moyo. Dawa yake ni kundi. Watu watano au kumi mnaojuana, wa rika moja, mnaokutana tayari kwa jambo jingine: vikoba, kikundi cha maulidi, kwaya, chama cha wakulima, wavuvi wa chombo kimoja. Msianzishe mkutano mpya. Ongezeni saa moja kwenye mkutano mlio nao. Mkae barazani au kivulini, kwenye mkeka, si kwenye madawati ya watoto. Mwanaume akiona tabu kukaa na mkwewe darasa moja, asilazimishwe. Kwetu mambo ya ukwe yana heshima yake. Pangeni makundi mawili na kazi iendelee.

Kalenda nayo ifuate maisha ya hapa. Darasa linaloanza Machi, mvua za masika zikibisha hodi na kila mtu yuko shambani, limekufa kabla ya kuzaliwa. Anzeni mahindi ya masika yakishavunwa. Wakati wa Ramadhani punguzeni au simamisheni kabisa, na mtangaze tangu mwanzo tarehe ya kurudi, maana likizo isiyo na tarehe hugeuka kuwa mwisho. Kwa akina mama saa nzuri mara nyingi ni kati ya adhuhuri na alasiri, chakula kikishaliwa na kabla ya kuni na maji ya jioni. Lakini waulizeni wao, msiwapangie.

Hapa nataka niseme na wanaume, kaka zangu na baba zangu. Kuna hofu ambayo haisemwi barazani ila inazuia wake wengi: mke akisoma, ataniona mimi si kitu. Nawaambia kwa moyo mmoja, mke anayekwenda kusoma anahitaji mambo mawili kutoka kwako, ruhusa isiyobadilika kila wiki, na mtu wa kushika mtoto saa ile. Mpe hayo. Nyumba hubadilika, ni kweli. Ataanza kuuliza bei uliyouzia nazi. Ataanza kuhifadhi risiti. Siku ya maamuzi juu ya shamba atataka kuiona karatasi. Mkiyapokea haya kama ushirika, mtakuwa na watu wawili wa kukabiliana na mnunuzi badala ya mmoja. Nawe dada, usiyafiche masomo yako. Mshirikishe mumeo unachojifunza tangu siku ya kwanza, hata kama ni kuandika jina lake.

Baada ya jina, namba na daftari, somo linalofuata kwa mtu wa leo ni simu. Nalisisitiza hili kwa walimu kwa sababu vitabu vya zamani havina. Mtu mzima asiyesoma humpa wakala simu yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Au mjukuu ndiye anayeijua. Tengeni wiki kadhaa mjifunze hili tu: wapi pameandikwa kiasi kilichoingia, wapi salio, wapi jina la aliyetuma, na namna ya kuandika namba ya siri mwenyewe. Andikeni ubaoni ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mwusome pamoja, mwujadili nani anautuma na kwa nini. Darasa la namna hiyo halihitaji kuhamasishwa na mtu. Watu watakuja wenyewe.

Kwa waliokwisha kujua kusoma na wanataka kuendelea, njia zipo, na ni vyema zijulikane kwa majina yake. Kwa anayeanza kabisa, uliza mpango wa MUKEJA, unaounganisha kusoma na shughuli za uzalishaji. Kwa aliyemaliza darasa la saba na anataka sekondari, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi mkoani na inasimamia masomo ya sekondari kwa hatua mbili. Njiani unafanya Mtihani wa Maarifa, unaoitwa QT, na ukifaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa fundi aliyejifunza kazi gereji au kwa mjomba wake, uashi, useremala, ushonaji, usihangaike kuanza upya: ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi hupimwa kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kutolewa cheti. Na binti aliyekatishwa shule kwa ujauzito ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua.

Halafu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, na hivi nina upendo navyo wa pekee. Chimbuko lake liko mbali. Katika karne ya 19 kule Denmark, mchungaji N.F.S. Grundtvig alipigania shule za watu wazima wa vijijini, za bweni, ambako mkulima angejifunza historia, lugha na kuzungumza mbele ya watu bila kuandamwa na mitihani; ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wasweden wakaichukua mwaka 1868. Nyerere akaiona kwao, akaipenda, na mwaka 1975 Tanzania ikaanzisha vyuo vyake kwa msaada wa Sweden. Leo viko zaidi ya 50. Mkoa wetu wa Tanga una cha Handeni na cha Kiwanda kule Muheza. Unaweza kuingia bila cheti cha kidato cha nne, kwa kozi fupi au ya miaka miwili, ukajifunza kilimo, ushonaji, umeme, upishi, ujenzi. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vyuo hivi vimewapokea wasichana waliozaa mapema, na mahali pa kulelea watoto wao pakatengwa chuoni. Nilichotaka msomaji aone ni hiki: mbegu iliyotoka Denmark ilimea hapa kwa sababu ilikuta watu waliozoea kukaa pamoja jioni na kuzungumza. Iga kutoka kokote, lakini ipande kwenye mazoea ya nyumbani.

Na sasa lile nililoahidi kulirudia. Ukishajua kusoma, lazima uwe na kitu cha kusoma kila wiki, la sivyo utarudi ulikotoka. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa Tanga, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya miaka michache tu. Yaliyobaki aliyapata kwa kusoma na kuandika mwenyewe baada ya saa za kazi, miaka nenda miaka rudi. Si lazima wewe uwe mshairi. Daftari la mapato na matumizi ya nyumba yako ni kitabu. Gazeti la juma lililopita lililofungiwa vitumbua ni kitabu. Matangazo ya kijiji kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, simama uyasome yote, hata ya tenda. Muombe mtoto wako kitabu chake cha darasa la nne, msomeane usiku. Kikundi kinunue gazeti moja kwa zamu.

Mtoto wako hatakudharau kwa kusoma naye. Watoto hutazama zaidi ya wanavyosikia, na nyumba ambayo mama yake hufungua daftari kila jioni haihitaji fimbo ya kumpeleka mtu shule.

Wiki hii, basi, wewe na wenzako wanne nendeni kwa Afisa Elimu Kata. Mwulizeni darasa la watu wazima la karibu liko wapi na linaanza lini. Akisema hakuna, mwachieni majina yenu yaliyoandikwa kwenye karatasi, hata kama ni mtoto aliyewaandikia, ombeni mwalimu, na mwulizeni tarehe ya kurudi kupata jibu. Siku hiyo ikifika, rudini nyote watano.